Wote Wanaicheza "Sina Makosa", Nani Anawajua Walioipiga?

Ingia kwenye harusi yoyote Musoma, iwe ukumbi wa Iringo, Nyasho au kule Bweri, halafu subiri ifike kama saa nne usiku. Singeli imeshapigwa. Bongo Fleva imeshapigwa. Watoto wa elfu mbili wameshatoka jasho mpaka mashati yamegandana na mgongo. Kisha DJ anaachia gitaa, besi inaingia chini yake, na kabla hata sauti ya mtu haijasikika ukumbi mzima umesimama. Mama wa bwana harusi ameshavua viatu. Mashangazi wameshajipanga. Bibi aliyekuwa anasinzia toka saa mbili anaomba ashikwe mkono ainuliwe.

Ni "Sina Makosa" hiyo.

Sasa wewe fanya kautafiti kako. Muulize yeyote anayecheza pale: hii ngoma ya nani? Mmoja atakwambia Marijani Rajabu. Mwingine atakwambia Mbaraka Mwinshehe. Wa tatu, yule anayejiona anajua kuliko wote, atasema "wale Wakenya wa zamani". Kama kuna mzee wa dansi karibu, atakurekebisha: Les Wanyika. Mpaka hapo sawa. Ila ukiendelea kuuliza nani alipiga lile gitaa la rithimu, nani alishika besi, hata yule mzee ataanza kutafuta soda yake iko wapi.

Ngoma ina zaidi ya miaka 40. Inajulikana kuanzia Mwigobero mpaka Bunda, na Butiama hakuna send-off inayoisha bila hiyo. Lakini mikono iliyoipiga haina majina. Watu wanaichukulia poa, wanaona ni mambo ya zilipendwa tu, hayamhusu kijana wa leo. Yanamhusu sana. Kwa sababu hii tabia ya kumjua aliyesimama mbele na kumsahau aliyesimama nyuma ndiyo iliyolivunja kundi lililozaa ngoma hiyo, na ndiyo inayovunja makundi ya vijana mtaani mpaka leo.

WALITOKA TANGA, WAKAPIGIA NAIROBI

Turudi nyuma kidogo. Wale "Wakenya" ni Watanzania. Stori inaanzia Tanga, kwa ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga. Mwaka 1966 walikuwa vijana wa Jamhuri Jazz Band palepale Tanga. Mwaka 1970 wakahamia Arusha wakawa na bendi yao, Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka wakaingia Nairobi, na huko ndiko likazaliwa jina lililokuja kutikisa Afrika Mashariki nzima: Simba Wanyika.

Kwa nini Nairobi? Kijana anayerekodi leo chumbani kwa laptop na maiki moja hawezi kuelewa haraka. Enzi zile bendi ya Tanzania ikitaka kurekodi, mlango mkubwa ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Unarekodi, wimbo unapigwa redioni, nchi nzima inakusikia, basi. Santuri ya kuuza dukani ni habari nyingine, na kwenye santuri Nairobi ilikuwa mbali: studio za biashara zipo, kampuni za kurekodi zipo, kiwanda cha kuzichapa kipo, na vilabu vya kupiga kila wiki vipo. Mwanamuziki aliyetaka kuishi kwa gitaa lake aliangalia kaskazini.

Kwa hiyo ndugu wale wakafanikiwa. Simba Wanyika ikawa jina. Na kama ilivyo kwa bendi nyingi, waliosimama mbele, wenye kuimba na wenye gitaa la solo, ndio waliojulikana. Nyuma yao walikuwepo wengine. Alikuwepo Omari Shabani, aliyekuja kuitwa "Profesa", kwenye gitaa la rithimu. Alikuwepo Tom Malanga kwenye besi. Alikuwepo Rashid Juma kwenye drams. Watu ambao mcheza dansi ukumbini hawaangalii hata usoni, ila wakinyamaza kwa sekunde tano tu mguu wake unapotea njia.

Mwaka 1978 watu hawa wa nyuma wakaondoka.

WALIPOONDOKA WALIONDOKA NA NINI?

Hapa ndipo wengi wanapopita haraka, na ndipo pa kusimama.

Waliondoka wakaanzisha Les Wanyika. Wakamvuta John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa tayari anapiga muziki Kenya, akashika solo na kuimba. Issa Juma naye akawemo kwenye sauti. Kundi dogo tu. Wakajifungia kufanya mazoezi, wakaja kutokea klabu ya Garden Square pale Nairobi, na haikuchukua muda wakatoa "Sina Makosa".

Fikiria hiyo picha vizuri. Wapiga rithimu, besi na drams wa bendi kubwa wanatoka, watu wanadhani wamejimaliza, halafu ndani ya muda mfupi wanatoa ngoma ambayo imewazidi umri wao wenyewe.

Siri iko wapi? Isikilize tena, safari hii usimsikilize anayeimba. Sikiliza chini. Gitaa la solo linaongea, sawa, lakini gitaa la rithimu linatembea muda wote bila kuchoka wala kukimbia, na besi inamjibu kama watu wawili waliokaa barazani wanapiga soga na hakuna anayemkatiza mwenzake. Pale ndipo penye dansi. Maneno ya jamaa anayejitetea kuhusu mapenzi ni matamu, ila kinachomnyanyua bibi kitini ni Omari na Malanga. Bibi mwenyewe hajui. Kiuno chake kinajua.

Hilo ndilo walilobeba walipoondoka 1978. Hawakuondoka na jina kubwa, maana jina lilibaki kwa kina Kinyonga. Wao wakabeba nusu tu, "Wanyika". Walichobeba ni mwendo. Na mwendo ndiyo bendi.

Kuna kitu kingine ambacho watu wa Mara wana haki ya kukijua zaidi ya wengine. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki inasambaratika, na mpaka ule haukufunguliwa tena hadi 1983. Maana yake ni kwamba vijana wa Kitanzania walikuwa wanapiga muziki wa Kiswahili Nairobi wakati njia ya Sirari imefungwa. Lakini redio haina geti. Sauti ilipita juu ya ziwa na juu ya Tarime bila kugongewa muhuri. Kabla ya YouTube, kabla ya WhatsApp, ngoma ilivuka mpaka uliofungwa na ikaja kukaa Musoma mpaka leo.

WAHENGA WALIKOSEA KIDOGO

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Kwa Wanyika ilipasuka kweli, tena siyo mara moja. Les Wanyika yenyewe haikukaa muda mrefu ikiwa nzima: mapema miaka ya 1980 Issa Juma alishakuwa na kundi lake, Super Wanyika Stars, akaja na "Sigalame", ngoma nyingine ambayo DJ akiiweka Musoma hakuna anayebaki amekaa. Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika. Ukoo mmoja, milango mitatu, kila mmoja anadai jina.

Kuna watakaosema, basi si mnaona? Kuvunjika kulileta faida! Kundi moja likawa matatu, nyimbo nzuri zikaongezeka, msikilizaji akafaidi. Wengine watasema kina Kinyonga hawakufa njaa, walitafuta watu wapya wakaendelea vizuri tu, mpaka albamu ya "Pepea" mwaka 1992. Kwa hiyo huyo mtu wa nyuma anabadilishika kama tairi.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli Simba Wanyika haikufa, na ni heshima kubwa kwa Wilson na George kwamba waliweza kusimama tena. Lakini hesabu ya msikilizaji siyo hesabu ya mwanamuziki. Msikilizaji anafaidi nyimbo tatu. Mwanamuziki anapoteza miaka, anapoteza mwenzake anayemjua kwa kumwangalia jicho tu, anaanza kugombania jina, anaanza upya kutafuta klabu ya kupigia akiwa nchi ya watu. George alifariki 1992, mwaka uleule wa "Pepea". Wilson akamfuata 1995. Omari na Ngereza nao wametangulia. Hakuna anayejua ni ngoma gani ambazo wangepiga wote pamoja kama wangebaki chini ya paa moja, kila mtu na jina lake na haki yake.

Na kuhusu tairi: tairi unaweza kubadilisha gari likaenda. Ila hakuna mtu anayeomba kwenye harusi apigiwe tairi la akiba. Wanaomba ile ya wale walioondoka.

HATA MAREKANI WALIFANYA HIVYOHIVYO

Mtu asije akadhani hii ni shida ya kwetu tu. Marekani kulikuwa na kundi la New York, C+C Music Factory, lililoanzishwa na maprodyuza wawili, Robert Clivillés na David Cole. Mwisho wa 1990 walitoa "Gonna Make You Sweat", na Februari 1991 ikashika namba moja kwenye chati kubwa ya Marekani. Mpaka leo inapigwa gym, inapigwa viwanjani, hata asiyejua Kiingereza anaijua.

Kwenye video anaonekana dada mrembo, Zelma Davis, akifungua mdomo kwenye kiitikio. Sauti siyo yake. Sauti ile inayotetemesha ukuta ni ya Martha Wash, mama mwenye mwili mkubwa ambaye tayari alishatamba miaka ya nyuma na kundi la The Weather Girls. Hakuonekana kwenye video. Hakuandikwa. Wengi waliona mwili wake ndio sababu ya kufichwa. Na kipindi hichohicho kundi la Kitaliano, Black Box, nalo lilitumia sauti yake huku mwanamitindo ndiye akifungua mdomo kwenye video.

Tofauti ni kwamba Martha hakunyamaza. Alienda mahakamani. Kampuni ikafika hadi kuiomba MTV iweke maandishi kwenye video yanayosema sauti ni ya nani. Wakaja kumalizana 1994, na toka hapo suala la kumwandika mwimbaji halisi likaacha kuwa hisani. Halafu kilichofuata ndicho kitamu: mwaka huohuo wa 1994 C+C wakatoa ngoma nyingine, safari hii jina la Martha Wash liko wazi na yeye mwenyewe yupo kwenye video. Waliomficha wakamrudia. Kwa nini? Kwa sababu walijua kitu ambacho mashabiki walikuwa hawajui: bila sauti ile, kiwanda chao cha muziki kilikuwa mashine tupu.

Na hata Zelma asionewe. Alikuwa mwimbaji kweli, ameimba nyimbo nyingine kwenye albamu ileile. Aliyeumizwa na uongo ule siyo Martha peke yake. Ukimpa mtu sifa isiyo yake, siku ikifichuka hata sifa yake halali inatiliwa shaka.

SASA RUDI MTAANI

Sasa chukua kundi lolote la vijana Musoma, wawe madansa, wawe wa Bongo Fleva, wawe wa singeli. Wako watano. Mmoja anaimba. Mmoja anaandika mashairi lakini ana aibu ya kamera. Mmoja anatengeneza biti. Wawili wanacheza, na ule mtindo wa kucheza ndio unaofanya video izunguke TikTok. Ngoma ikibamba, jina linaloandikwa ni moja. Akaunti ni ya mmoja. Namba ya simu ya kupokea malipo ya shoo ni ya mmoja. Wale wengine wanne wanaambiwa "tulieni, tukitoboa tumetoboa wote".

Baada ya miezi sita mwandishi hapokei simu. Mtengeneza biti kahamia Mwanza. Madansa wamejitoa, wamefungua akaunti yao. Aliyebaki na jina anatoa ngoma mpya, watu wanaandika "hii siyo kama ile". Anaanza kulaumu mashabiki, analaumu redio, analaumu watu wanaombania. Hajakaa chini kujiuliza mwendo wake ulikuwa kwa nani.

Wapo watakaosema kila kundi lazima liwe na sura moja, mashabiki hawawezi kukariri watu watano. Sawa. Sura iwe moja. Lakini kumweka mtu nyuma na kumfuta mtu ni vitu viwili tofauti. Dereva wa daladala haonekani kama kondakta anayeita abiria, ila jioni hesabu ikifungwa hakuna anayesahau kwamba dereva alikuwepo.

Na zana zipo ambazo kina Omari hawakuwa nazo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoleta COSOTA, na sheria hiyo inamtambua mtunzi na inamtambua pia mtumbuizaji. Yaani aliyeandika ana haki yake na aliyepiga ana haki yake. Shida ni kwamba haki haiwezi kumtafuta mtu asiye na jina. Kama kwenye karatasi, kwenye faili la studio na kwenye maelezo ya video hakuna sehemu inayosema "besi: fulani", siku pesa ikija itaenda kwa yule anayeonekana.

Kwa hiyo siku ile ya kurekodi, kabla ya kula chipsi na kupiga picha, kundi liandike karatasi moja. Nani katunga, nani katengeneza biti, nani kapiga nini, nani kabuni mtindo wa kucheza, kila mtu asilimia ngapi, na jina la kundi ni la nani mkiachana. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo watu wanalikwepa, kwa sababu linanuka talaka siku ya harusi. Lakini ukoo wa Wanyika uligawana jina moja mara tatu. Karatasi ya dakika kumi ni nafuu kuliko hiyo.

Halafu maelezo chini ya video yajazwe. Ni bure. Watu wanajaza emoji ishirini za moto na wanakosa nafasi ya kuandika jina la mpiga kinanda.

NA WENYE MAIKI WAFANYE YAO

Kazi nyingine ni ya ma-MC na ma-DJ wa mji huu, maana wao ndio walimu wa historia bila kujijua. Wana uwezo wa kutaja majina ya kamati nzima ya harusi, na waliochangia kreti za soda, na shemeji aliyekuja kutoka Mugumu kwa bodaboda. Hawawezi kushindwa kutaja majina matano.

Wahenga wengine walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa jamaa walienda kuchezea ugenini, wakacheza vizuri mno, ngoma yao ikarudi nyumbani peke yake na wao hawajatunzwa bado. Kuwatunza siyo lazima kuwe na tamasha wala mnara. Inatosha MC akisema kwenye maiki, sekunde tano tu kabla ya gitaa kuingia: "Hii ni Les Wanyika, vijana wa kwetu. John Ngereza, Issa Juma, Profesa Omari kwenye rithimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye drams."

Halafu aachie. Bibi atainuka vilevile. Ila yule kijana wa miaka 19 aliyesimama pembeni na simu yake, ambaye kesho anaenda studio na wenzake wanne, atakuwa amesikia kwamba mpiga besi ana jina.

Haya wadau, bila ku-google: kundi lako unalolipenda, nani anatengeneza biti zao? Taja hapo chini. Ukishindwa, usijali. Jibu umeshalitoa.